Uliza Ujibiwe: Mgombea kabadilishwa usiku, asubuhi tunasemaje?

Toka Wamarekani wamalize uchaguzi wao wa Novemba 2024 mnaniletea swali moja lenye sura tofauti tofauti: Biden kamuachia Kamala katikati ya safari, Kamala kashindwa, je ni haki chama kubadilisha mgombea ghafla vile, na mfuasi anatakiwa afanye nini. Nilidhani nitajibu kwa mistari mitano nikalale. Nilivyozisoma barua moja moja nikagundua nusu yenu hamuulizi habari za Marekani kabisa, mnauliza habari za uchaguzi wetu wa 2015 mmejificha nyuma ya Kamala. Haya, leo tuongee.

SWALI: Shikamoo mjomba. Kwenye grupu letu la darasa tulikuwa tunabishana kuhusu Biden, mmoja akasema hayo mbona si mapya, sisi Tanzania tulishabadili gia angani 2015. Mimi 2015 nilikuwa darasa la nne, nakumbuka tu watu wanazungusha mikono barabarani na baba alikuwa haongei na baba mdogo. Ilikuwaje hasa? (Mwanachuo, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako na baba mdogo nawaelewa sana, mwaka ule kuna ndugu walisusiana mpaka kwenye misiba.

Ilikuwa hivi. Edward Lowassa alikuwa waziri mkuu toka mwisho wa 2005, Februari 2008 akajiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kusoma ripoti kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mwenyewe alisema anawajibika kisiasa tu, na hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa hilo, ila mtaani jina lilikuwa limeshapakwa matope. Na waliokuwa mstari wa mbele kulipaka ni Chadema, maana hata kabla Richmond haijalipuka bungeni, Septemba 2007 pale viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisimama akasoma majina kumi na moja ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi na la Lowassa lilikuwemo. Orodha ile ndo iliyomfanya Slaa awe Slaa. 2010 akagombea urais akapata kura zaidi ya milioni mbili, na watu wengi tukajua 2015 ni yeye tena, hilo wala halikuwa na mjadala.

Ikaja 2015 yenyewe. CCM walijitokeza watu 42 kuchukua fomu za urais, yaani ilifika mahali ukikaa kwenye kikao cha harusi unajiuliza nani humu ndani hajachukua. Lowassa ndo alikuwa na mtandao mkubwa kuliko wote, mbio zake aliziita Safari ya Matumaini. Julai, Dodoma, jina likakatwa, hata tano bora halikufika. Kuna wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba kwamba wana imani na Lowassa mbele ya mwenyekiti wao Kikwete, lakini wimbo ukabaki wimbo, na tarehe 12 Magufuli akatangazwa.

Upande wa pili Ukawa, yaani Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, walikuwa wanaisogeza sogeza siku ya kumtaja mgombea wao. Sisi mtaani tunasema wanapanga tu sherehe. Kumbe. Tarehe 28 Julai Lowassa huyo hapo, Bahari Beach, anapokelewa Chadema na anakabidhiwa kadi. Tarehe 4 Agosti mkutano mkuu umeshampitisha kugombea urais. Hesabu mwenyewe, toka akatwe Dodoma mpaka awe mgombea wa watu waliomsema miaka minane hata mwezi haukutimia.

Viongozi wa Chadema wenyewe ndo walisema wamebadili gia angani, na msemo ukaganda mpaka leo. (Sijawahi kuelewa ndege gani inabadilishwa gia kama Fuso, lakini tuache.)

Vikaanza vurugu za ndani. Tarehe 6 Agosti Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF akasema dhamiri yake inamsuta. Slaa akanyamaza mwezi mzima, watu wanaulizana yuko wapi, yuko nje, anaumwa, kapumzika, mpaka 1 Septemba alipoita waandishi akasema anaachana na siasa za vyama. Wakati huohuo huku nje mikutano ni mafuriko, Sumaye naye aliyekuwa waziri mkuu miaka kumi ya Mkapa kahama kaja, mzee Kingunge kaondoka CCM, vijana wanazungusha mikono kama kocha anayeomba mchezaji atolewe. Hiyo ndo mikono unayoikumbuka wewe. Na ukiifikiria inachekesha, ishara ya kuomba mabadiliko ya mchezaji, wakati mabadiliko makubwa kuliko yote yalishafanyika kwenye benchi letu wenyewe.

Oktoba 25 tukapiga kura. Magufuli akatangazwa kwa kura 8,882,935, asilimia 58.46, Lowassa 6,072,848, asilimia 39.97. Chadema wakatoka na wabunge 70 ukijumlisha na viti maalumu, wakati 2010 walikuwa na 48. Lowassa alikaa upinzani mpaka 1 Machi 2019 akarudi CCM, na Februari 2024 akafariki, Mungu ampumzishe.

Sasa rafiki yako wa kwenye grupu kapatia nusu. Biden alimuachia makamu wake mwenyewe, mtu wa chama hichohicho, serikali hiyohiyo, sera zilezile. Aliyekuwa anampigia kampeni Biden Jumamosi, Jumatatu akimpigia Kamala hakuwa na neno hata moja la kufuta. Sisi tulikuwa na miaka minane ya maneno ya kufuta, na tulipewa wiki moja.

SWALI: Kaka, naomba usitaje jina langu. Mimi nilikuwa kamanda wa Chadema kwelikweli, gwanda ninalo mpaka leo. Kuanzia 2008 nimezunguka kata nzima kwa miguu kumsema yule mzee Lowassa, nimegombana na shemeji zangu, kuna duka nilikuwa sinunui kwa sababu mwenye duka alikuwa timu yake. Ile Julai naambiwa huyu sasa ndo wetu. Nilimeza, nikampigia kampeni, nikampa kura. 2019 akarudi alikotoka. Mpaka leo shemeji akiniona anacheka tu hata hasemi kitu. Nilikosea? (Kamanda mstaafu, Mwanza)

JIBU: Kaka pole. Kicheko cha shemeji hakina dawa, hilo nikwambie mapema.

Nikupe kisa. Kijiweni kwetu kulikuwa na dogo wa bodaboda, tangi la pikipiki lake lilikuwa na stika kubwa ya Slaa, kaibandika toka 2010 akaifunika na nailoni isichakae. Asubuhi ya 29 Julai nimemkuta anaikwangua na kisu. Simuulizi, haniambii. Picha ilitoka, gundi ikagoma, ikabaki alama ya mraba nyeusi inayonata vumbi. Baada ya siku kadhaa akaletewa stika ya Lowassa akaibandika juu ya ile gundi, ikakaa upande, kona moja inafumuka kila siku anairudisha na mate. Kampeni nzima dogo yule alikuwa anabishana kwa sauti kuliko wote kijiweni. Ukimuuliza vipi kuhusu ile orodha ya Mwembe Yanga alikuwa anasema "hayo ya zamani" alafu anapiga kiki anaondoka hata kama hana abiria.

Nakusimulia hivyo kwa sababu nadhani kinachokuuma wewe ndo kilichokuwa kinamuondoa yule dogo kijiweni. Mlibadilishiwa mgombea lakini hamkupewa maneno. Ungepewa sentensi moja tu ya kumjibu shemeji, ya kweli, ambayo mtu mzima anaweza kuisema bila kuangalia pembeni, leo usingekuwa unaandika barua hii. Mfano mtu angesimama akakwambia makamanda, tulimsema huyu mzee na tuliyoyasema hatuyafuti, ila tumepiga hesabu tukaona bila kura zake hatufiki, tumeamua kuingia naye na masharti yetu ni haya na haya. Ungekasirika, sawa, na wengine wangeondoka. Lakini ungekuwa umeambiwa. Badala yake mliambiwa kama ana ushahidi mtu aende mahakamani, ambayo ndo sentensi ileile CCM walikuwa wanawajibu nyinyi toka 2007! Yaani mkakabidhiwa ngao ya adui mkaambiwa jikingeni.

Slaa hoja yake ilikuwa hapohapo, kwamba kabla ya kumpokea ilibidi ajisafishe hadharani kwanza na chama kijiulize kama ni mtaji au ni mzigo. Unaweza kusema Slaa alikuwa na uchungu wa kunyimwa nafasi, wengi walisema hivyo, na mimi siwezi kuingia moyoni mwake. Ila hoja haiwi mbovu kwa sababu aliyeitoa kanuna.

Ulikosea? Mimi sioni. Kura milioni sita zile hazikuwa za wapumbavu. Kuna waliotaka tu CCM itoke, wao hata ungewawekea kiti wangekipigia kura. Kuna waliokuwa wa Lowassa toka yuko CCM, wao ndo walikuja na mtu wao, wala hawakubadilishiwa kitu. Na kuna nyinyi, mliokuwepo kabla, mliokuwa mnapenda hoja, na nyinyi ndo mlilipia gharama peke yenu. Wale wa kwanza wakashindwa wakarudi nyumbani, wale wa pili wengi wakamfuata mzee wao alivyorudi, nyinyi mkabaki na gwanda na shemeji anayecheka.

Halafu usijidanganye kwamba na Slaa mngeshinda, wala kwamba bila Lowassa mngepata wabunge wachache. Hakuna anayejua. Nimeona watu wazima wanakaribia kushikana mashati kwa sababu ya uchaguzi ambao haukuwahi kufanyika.

Nikulinganishie na wenzetu wa Senegal, maana kule nako mgombea alibadilishwa tena kwa lazima. Ousmane Sonko ndo alikuwa nyota ya upinzani, yuko gerezani, akaenguliwa asigombee. Kambi yake ikamsimamisha Bassirou Diomaye Faye ambaye naye alikuwa ndani, kampeni zimeanza mgombea yuko jela! Wakatoka wote wawili 14 Machi 2024, kura ni tarehe 24, siku kumi. Wafuasi walipewa maneno matatu tu ya Kiwolofu, Diomaye mooy Sonko, Diomaye ndiye Sonko. Basi. Mama wa sokoni akiulizwa kwa nini unampa kura mtu usiyemjua ana jibu mdomoni, na jibu ni la kweli kwa sababu hoja ni zilezile na watu ni walewale. Diomaye akashinda raundi ya kwanza kwa asilimia 54 na ushee. Najua Senegal si Tanzania na mambo mengine mengi yalichangia, lakini kila nikiyatazama yale maneno matatu namkumbuka dogo wa bodaboda anavyopiga kiki bila abiria.

Gwanda usilitupe. Na lile duka kama bado lipo, nenda kanunue hata kiberiti.

SWALI: Asalaam aleikum ndugu mwandishi. Mimi swali langu ni la sheria maana hapa nyumbani tunabishana. Kwa nini 2015 Mzee Juma Duni Haji aliyekuwa kiongozi wa CUF alihamia Chadema ndo akawa mgombea mwenza, si walikuwa wameungana tayari? Na je, mgombea akifa au akijitoa majina yakishapelekwa tume inakuwaje? (Mama wa watoto wanne, Tanga)

JIBU: Waaleikum salaam mama. Nyumbani kwenu mnabishana vitu vya maana, kwetu tunabishana rimoti.

Ukawa walikuwa wameungana kwa mdomo na kwa kuachiana majimbo, lakini kwenye karatasi ya kura hakuna kitu kinaitwa Ukawa. Katiba yetu inataka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, mgombea binafsi hayupo, na mgombea mwenza lazima apendekezwe na chama kilekile. Alafu mmoja akitoka bara mwingine atoke Zanzibar. Sasa Lowassa wa bara yuko Chadema, mtu wa Zanzibar mwenye uzito yuko CUF, utafanyaje? Ndo mzee Duni ikabidi avue kofia ya umakamu mwenyekiti wa CUF achukue kadi ya Chadema. Kwa hiyo kwenye tiketi ile moja wote wawili walikuwa wageni kwenye chama kilichowasimamisha, na sijui kama kuna nchi nyingine hilo limewahi kutokea.

Kuhusu kifo, hiyo tunayo mkononi. 2005 uchaguzi mkuu ulikuwa ufanyike 30 Oktoba, siku chache kabla akafariki Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Chadema, aliyekuwa anagombea na Mbowe. Uchaguzi wa Muungano wote ukasogezwa mpaka 14 Desemba ili chama kipate nafasi ya kuweka mtu mwingine, na Zanzibar wao wakaendelea na wa kwao tarehe ileile. Wakenya wao wameliandika wazi kabisa kwenye katiba yao ya 2010, kwamba mgombea urais au mgombea mwenza akifariki kabla au siku ya uchaguzi, uchaguzi wa rais unafutwa na unaitishwa mwingine.

Kuna nchi hazisubiri. Ecuador Agosti 2023 mgombea urais Fernando Villavicencio aliuawa kwa risasi akitoka kwenye mkutano, siku kumi na moja kabla ya kura. Karatasi zilishachapwa na picha yake. Chama kikamuweka mwandishi mwenzake, Christian Zurita, watu wakaingia kwenye chumba cha kura wakaweka alama kwenye sura ya marehemu ili kura iende kwa aliye hai. Mimi hilo hata kuliandika mkono unakuwa mzito.

Na kuna aina nyingine ya kubadilisha ambayo haipiti tume wala mkutano mkuu, nayo tuliiona 2020. Bernard Membe kasimamishwa na ACT-Wazalendo, jina liko kwenye karatasi, alafu viongozi wa chama hichohicho, Maalim Seif na Zitto, wakasema hadharani wao wanamuunga mkono Tundu Lissu wa Chadema. Membe naye akasimama akasema mimi bado ni mgombea. Kisheria alikuwa mgombea, ila chama kilikuwa kimeshahama na kumuacha na begi kituoni.

SWALI: Bro, swali fupi. Biden angejitoa mapema Kamala angeshinda? (Mdau wa Arusha)

JIBU: Fupi hivyohivyo: sijui, na anayekwambia anajua anakuuzia kitu.

Tunachojua ni kwamba mdahalo wa Atlanta ulikuwa 27 Juni 2024, mzee akaonekana vile alivyoonekana, akang'ang'ania wiki tatu na zaidi huku watu wa chama chake wakimshika shati mmoja mmoja, Jumapili ya 21 Julai akaweka barua mtandaoni kwamba anajitoa na muda mfupi baadaye akamtaja Kamala. Kuanzia siku ile mpaka kura ya 5 Novemba ni siku 107. Kura za mchujo alizipata Biden, wajumbe wakamhamia Kamala na wakampitisha rasmi kwa njia ya mtandao mwanzoni mwa Agosti kabla hata ya mkutano wa Chicago. Pesa za kampeni zilikuwa rahisi maana jina lake lilikuwa kwenye akaunti ileile. Matokeo unayajua, kura za wajumbe wa majimbo Trump 312, Kamala 226.

Ukitaka maoni yangu, wiki tatu zile za kukataa zilimharibia Kamala kuliko uchache wa siku. Chama kilikaa kinawaambia watu mzee yuko fiti, anawashinda vijana kukimbia, macho yenu ndo mabovu, alafu Jumapili moja kinasema kapumzike mzee wetu. Mpiga kura akijiuliza hawa wengine wanatuficha nini utamlaumu? Rais Johnson naye 1968 alijitoa, lakini alitangaza 31 Machi, mapema kabisa, na chama chake kikashindwa vilevile. Kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi kueleza.

SWALI: Anko mambo. Sisi chama chetu kuna tetesi mgombea wetu anabadilishwa dakika za mwisho. Nishaposti picha zake kama mia mbili hivi. Nikiamka nikakuta kweli kabadilishwa nifanyeje? Nifute? (Binti wa mitandao, Dodoma)

JIBU: Poa binti. Usifute. Ukifuta kuna mtu atakuwa ameshapiga picha ya skrini na atakurudishia na tarehe yake, na wewe utaonekana una kitu unaficha wakati huna. Ziache, ulikuwa unampenda, si kosa.

Na usiku huo usiposti kitu, hiyo ndo naomba unisikilize. Usiku wa kwanza kila mtu anatafuta mtu wa kumtukana au mtu wa kumtetea, na ukiandika kitu saa tano usiku kitakufuata miaka. Mimi 28 Julai 2015 usiku niliandika kitu. Sikurudii hapa. Mpaka leo kuna rafiki yangu akitaka kunikopa hela ananikumbusha kile nilichoandika kwanza ndo anataja kiasi.

Subiri uone mambo mawili matatu yanakwendaje. Huyo aliyetolewa kasemaje, kakubali mwenyewe kwa mdomo wake au katangaziwa na watu wengine? Kamala na Diomaye, wote hao waliopokea walipewa mkono na mwenye nafasi, hadharani, jina likatajwa. Slaa hakutoa mkono, alinyamaza, na ule ukimya wa Agosti nzima ulituambia kila kitu ila hatukutaka kusikia. Halafu angalia kama chama kinakupa sababu au kinakupa wimbo. Wimbo unauzoea haraka, siku tatu unauimba, na wiki ya pili ukiulizwa swali na mtu mwenye adabu tu, siyo adui, unajikuta unaimba kwa sauti zaidi.

Na kama anayekuja ulishamsema vibaya, basi sema ulimsema. "Ndiyo nilimsema, na bado nina maswali naye, ila nampigia kura kwa sababu hii." Watakucheka siku mbili. Kamanda wa Mwanza hapo juu anachekwa miaka yote hii.

SWALI: Maneno mengi. Wewe 2015 ulimpa nani? (Hakuna jina, kaandika tu "nasubiri")

JIBU: Kura ni siri ndugu yangu, ila kwa kuwa umesubiri nitakupa kipande. Niliingia kwenye foleni saa kumi na mbili asubuhi, mbele yangu alikuwa yule dogo wa bodaboda. Tulisimama karibu masaa matatu, tukaongelea mpira, bei ya mafuta, mtoto wake aliyekuwa anaota meno. Lowassa hatukumtaja, Magufuli hatukumtaja, Slaa ndo kabisa. Alipotoka na kidole chenye wino nikamuuliza vipi, akasema "nimemaliza" akaenda kwenye pikipiki lake. Ile kona ya stika ilikuwa imefumuka tena na safari hii hakuirudisha.